Daftari la Dandora

Sinza nilikozaliwa na Dandora ya Nairobi ni watoto wa baba mmoja. Mwaka 1973 Benki ya Dunia ilifanya mkutano wake mkuu jijini Nairobi, katika jumba jipya la mikutano la KICC, na rais wake, Robert McNamara, akatoa hotuba kuhusu umaskini uliokithiri. Mwaka uliofuata Tanzania ilianza mradi wa viwanja vyenye huduma uliozaa Sinza na Kijitonyama. Mwaka 1975 ikawa zamu ya Kenya kuingia mkataba wa mkopo wa Dandora. Wazo lilikuwa lilelile: serikali isijenge nyumba, ipime viwanja, ipitishe barabara na mabomba, halafu mwananchi ajijengee polepole kadiri mfuko wake unavyomruhusu.

Leo ukitaja Sinza, mtu wa Dar es Salaam anawaza baa, nyumba za wageni na maduka ya nguo. Ukitaja Dandora, mtu wa Nairobi anawaza jaa la taka na, kama alikuwa kijana miaka ya 1990, anawaza rap. Nilikuwa Nairobi kwa shughuli nyingine, nikatenga muda wa kwenda kumtazama huyu ndugu aliyelelewa kwingine.

Nilipandia matatu mashariki mwa katikati ya jiji, kule ambako meza za mitumba zinagombea barabara na magari. Makanga aliponitajia nauli nikamwuliza, “Samahani kaka, mnafika mpaka Phase Two?” Akanitazama, akawageukia abiria: “Huyu ni Mbongo!” Gari zima likacheka, na tangu hapo nikawa mgeni wa wote. Mama aliyekaa pembeni yangu alinishauri niweke simu mfuko wa ndani na nisiitoe karibu na dirisha. Kijana wa kiti cha nyuma akataka kujua kama ni kweli Dar samaki ni bei rahisi.

Tukashika Juja Road. Kulia Eastleigh na kambi ya jeshi la anga, kushoto mabati ya Mathare yakiteremka bondeni, mbele ghorofa za Huruma zilizobanana hata jirani anaweza kumpa jirani chumvi dirishani. Tukavuka Outer Ring Road, tukaingia Kariobangi. Kutoka hapo huna haja ya kuuliza njia. Moshi wa plastiki unaingia garini, na hakuna abiria anayehangaika kufunga kioo.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu aliyepata kiwanja tangu mwanzo wa mradi. Vijana wa mtaani wanamwita Mwalimu. Mimi nilimwita Mzee, akaridhika. Alinipokea kwenye steji, akanipitisha sebuleni bila kunikaribisha kiti, akanipeleka moja kwa moja uani kunionyesha choo. “Hiki ndicho nilichopewa,” alisema, akipiga kofi ukuta wa matofali ya saruji. “Choo, bafu na bomba. Kuanzia hapo ni wewe na Mungu wako.”

Ndivyo mradi ulivyokuwa. Ulipanga viwanja 6,000 katika awamu tano, umbali wa kilomita 10 hivi kutoka katikati ya jiji, kila kimoja kikiwa na mita za mraba kati ya 100 na 160. Mwombaji alitakiwa awe na kipato cha kati ya shilingi 280 na 650 kwa mwezi na asiwe na nyumba nyingine mjini. Hao ni makarani, matarishi, wapishi na madereva, watu ambao Nairobi ya kikoloni ilikuwa imewasukumia Eastlands na Nairobi huru ilikuwa haijawapatia pa kukaa. Waliokosa uwezo wa kujenga peke yao waliunda vikundi. Kila mwezi walichangishana, wakajenga chumba cha huyu, zamu inayofuata cha yule. Kwetu tunaucheza hivyo upatu, ila aliyefikiwa na zamu Dandora alipata kuta badala ya pesa. Chumba cha pili cha Mzee kilijengwa na kikundi chake. Anawakumbuka wote, na aliponitajia walipo sasa, wengi alitaja makaburi ya kwao kijijini.

Mpango wenyewe uliruhusu kupangisha: familia ikae chumba kimoja, kodi ya vingine isaidie kulipa mkopo. Hesabu hiyo ikanoga. Chumba cha chini kikazaa cha juu, nyumba ya chini ikawa ghorofa nne na tano, na wenye ploti wengi wakahama, wakabaki kupokea kodi kwa mbali. Sinza nako tunapangisha sana, lakini viwanja vyetu vilikuwa vikubwa zaidi, na mpaka leo si ajabu kumkuta mwenye nyumba anaishi uani pamoja na wapangaji wake, anagombana nao kuhusu umeme wa luku na maji. Dandora ilijengwa ili wenyeji wa kipato kidogo wamiliki nyumba. Kizazi kimoja baadaye ikawa mtaa wa wapangaji.

Jiji nalo lilikuwa linalegea. Mwaka 1983 serikali ilivunja baraza la madiwani waliochaguliwa, ikaweka tume. Baraza la kuchaguliwa halikurudi mpaka 1992. Katika miaka hiyo na iliyofuata, uzoaji wa taka ulidorora hadi lori la jiji likawa habari ya kusimuliwa. Hapo ndipo kilipoumia kitu ambacho wachoraji wa Dandora walikuwa wamekifikiria vizuri. Nyumba zilipangwa zizunguke uwanja wa wazi, ambao wenyeji wanauita korti, ili watoto wacheze, nguo zianikwe, watu wazima wakae jioni. Kwenye ramani uwanja huo ulikuwa wa wote. Lori lilipoacha kuja, taka zikamwagwa hapohapo, kwa kuwa hakukuwa na mlango wa mtu uliozibwa. Giza likiingia, korti ikawa ya wavizia njia.

Pengo hilo halikukaa wazi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Mungiki lilitoza matatu na wakazi wa mitaa ya Eastlands kwa jina la ulinzi. Machi 2002 watu zaidi ya 20 waliuawa Kariobangi North, jirani kabisa na hapa, katika kisasi cha Mungiki dhidi ya kundi pinzani lililojiita Taliban. Upande mwingine, mashirika ya haki za binadamu yamekuwa yakiandika mwaka hadi mwaka kuhusu vijana wa mitaa hii waliouawa kwa risasi za polisi, na Dandora ina kituo chake cha haki, Dandora Community Justice Centre, kinachofuatilia kesi hizo. Mzee alifundisha hapa miaka mingi. Alisema alifika mahali akaacha kuuliza mwanafunzi aliyetoroka shule yuko wapi, kwa kuogopa jibu.

Sauti ya kwanza iliyotoka Dandora kwa masharti yake yenyewe ilikuwa ya muziki. Mwaka 1997 kundi la Kalamashaka lilitoa “Tafsiri Hii”, na Kenya ikasikia rap ya Kiswahili ikieleza maisha ya mtaa huu bila kuyapamba. Likafuata kundi kubwa la Ukoo Flani Mau Mau, na Juliani, mtoto wa hapa, baadaye akaanzisha Dandora Hip Hop City iwe mahali pa vijana kujifunza na kurekodi. Nakumbuka kanda za Kalamashaka zikipigwa hadi kwetu Sinza, sisi na Bongo Fleva yetu changa tukijiona ndugu zao.

Kazi ya kuzifufua korti ilishika kasi katika muongo wa 2010. Vijana wa korti moja ya Phase Two, waliojiita Mustard Seed, walisafisha uwanja wao, wakapanda majani na miti, wakaweka geti, wakaomba kila mlango mchango mdogo wa kila mwezi kwa ajili ya usafi na ulinzi. Majirani wakaiga. Dandora Transformation League, mwavuli wa vikundi vya vijana, ukawa na mashindano yaliyoitwa Changing Faces: vikundi vinapewa muda wa kugeuza sura ya maeneo yao, waamuzi wanapita, washindi wanazawadiwa. Mashindano hayo yalivuka mipaka ya Dandora yakaingia mitaa mingine ya Nairobi. UN-Habitat na washirika wake nao wakaja kushirikiana na vijana kutengeneza mtaa wa mfano.

Korti aliyonipeleka Mzee haina jina kubwa, na ndiyo maana aliichagua. Geti lake limechomelewa kwa vyuma chakavu. Upande mmoja ni kichwa cha kitanda, maua yake ya chuma bado yapo. Ndani kuna majani yaliyokatwa, matairi yaliyofukiwa nusu na kupakwa njano na bluu, mipapai, magunia ya sukuma wiki, kamba za nguo zilizopangwa pembeni ili zisiwazuie watoto na mpira wao. Kibao kimeandikwa kwa mkono: ukikamatwa unatupa taka, utafagia korti wiki nzima. Nilimwuliza mtoto mmoja kama kuna aliyewahi kufagia. Akanijibu kwa furaha kubwa: “Babangu!”

Rangi na mipapai inapendeza, lakini kilichonishika ni daftari. Ni daftari la shule, jalada lake limevikwa gazeti, linakaa kwa mama anayepika chapati na githeri karibu na geti. Vijana ndio wanaopita milangoni kukusanya shilingi mia ya mwezi. Pesa inalala kwa mama huyo. Walikubaliana hivyo tangu siku ya kwanza, kwamba mkono unaokusanya usiwe ndio unaotunza. Mama alifuta unga mikononi, akanifungulia.

Safu ya kwanza ina namba za milango, haina majina. “Mpangaji anahama,” alisema. “Mlango hauhami.” Baada yake miezi, na katika kila mwezi alama. Vema ni aliyelipa. Nusu ni aliyetoa hamsini. Herufi K ni aliyekosa pesa akatoa kazi: kuzoa taka, kumwagilia, kukesha getini. Niliona mlango mmoja una K miezi minne mfululizo, kisha vema. Mama akasema mwenye mlango huo alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, sasa amepata nyingine. Kurasa za nyuma ni matumizi: reki, balbu, mifuko ya taka, kulipa mkokoteni, rangi, rambirambi. Kuna pia mapato mengine, kwa sababu matatu mbili hulazwa nje ya geti usiku na wenye nazo wanalipia kulindiwa na kuoshewa. Mwisho wa mwezi, Jumapili jioni, hesabu inasomwa kwa sauti pale uwanjani, na yeyote mwenye mlango anaruhusiwa kuuliza.

Kijana anayeongoza kikundi alikuwa amekaa juu ya tairi akinisikiliza. Nikamwuliza kilichokuwa kinanizunguka kichwani tangu Mzee aliponisimulia ya zamani. Vijana wanapita mlango kwa mlango wanadai pesa ya ulinzi. Hii mia ina tofauti gani na ile waliyotozwa wazazi wenu?

Hakukasirika. “Mkubwa, ile ukiuliza imeenda wapi, unapotea wewe. Hii ukiuliza, mathe anakufungulia ukurasa.”

Nimesoma maandiko mengi kuhusu kufufua mitaa ya mijini, yakizungumzia ushirikishwaji na uwezeshaji kwa maneno marefu. Sijasoma jibu lililonitosheleza kama hilo. Watu wa Dandora hawakuhitaji kufundishwa kuchanga. Walichanga kujenga vyumba miaka ya 1970, na walichangishwa kwa vitisho baadaye. Kilichobadilika ni haki ya kuuliza.

Si kila mahali palipotengenezwa pamedumu. Njiani Mzee alinionyesha uwanja ambao rangi zake zimechuja, viti vimeng'olewa na miche imekaukia kwenye makopo. Alisema mfadhili alileta vifaa, fulana na mpiga picha, kazi ikaisha kwa siku moja, na hapakuwa na mtu aliyejua balbu ikiungua inunuliwe kwa pesa ya nani. Korti ya jirani yake, isiyo na hata nusu ya rangi zile, inafagiliwa kila asubuhi.

Kisha kuna jaa lenyewe. Lilianza miaka ya 1970 katika machimbo ya zamani ya mawe, wakati uleule viwanja vilipokuwa vikigawiwa, nalo limekuwa jaa kuu la Nairobi tangu hapo. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Malori hayakusikia tangazo. Tulisimama pembezoni mwa eneo lake la ekari 30 hivi, tukiangalia yanavyopanda kilima cha taka na kumwaga, na makorongo wenye vipara wakiwatangulia watu kwenye mzigo mpya. Kila mzigo una wataalamu wake: wa chupa, wa vyuma, wa mifuko ya maziwa, wa mifupa. Madalali wanasubiri chini na mizani.

Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, jijini humuhumu, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hili. Takriban nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango kinachofikia au kuzidi kikomo kilichokubalika kimataifa. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa lifungwe ndani ya miezi 6. Nilipofika, muda huo ulikuwa umepita zamani na foleni ya malori ilikuwa palepale.

Niliwasimulia waokota taka habari ya Tabata, mtaa wa kwetu Dar es Salaam. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya jaa lililokuwa likiwafukiza moshi, na Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Ni kesi inayofundishwa vyuoni. Lakini taka za Dar zilipata anwani nyingine tu: Vingunguti, baadaye Mtoni, baadaye Pugu Kinyamwezi. Mama mmoja aliyekuwa akifunga marobota ya chupa alisikiliza hadi mwisho. “Hili likifungwa,” akasema, “nitashukuru kwa ajili ya kifua cha mtoto wangu, na nitalia kwa ajili ya tumbo lake.” Baadhi ya shilingi mia zinazoandikwa kwenye daftari zinatoka hapa jaani. Anayetaka kulihamisha jaa bila kuzungumza na watu hawa kuhusu watakula nini, atakutana nao mbele ya tingatinga.

Ng'ambo ya mto Nairobi, upande wa Korogocho, kikundi cha Komb Green Solutions, chenye vijana kadhaa walioacha uhalifu, kilisafisha kingo zilizokuwa zimefunikwa na taka, kikatengeneza bustani waliyoiita People's Park. Maji yanayopita chini yake bado ni meusi. Uchafu wa jiji zima hauwezi kufagiliwa na kikundi cha mtaa mmoja, na vijana hawa ndio wa kwanza kukwambia hivyo. Wanachodai ni wahusika wa juu nao wafanye sehemu yao.

Kabla ya kuondoka nilirudi kwa mama wa chapati, kwa kuwa kuna hesabu moja iliyonikera. Wanaosafisha korti ni wapangaji. Korti ikipendeza, chumba kinapanda bei, na faida inakwenda kwa mwenye ploti aliyeko mbali ambaye hakushika hata ufagio. Si mnajifukuza wenyewe?

Mama alicheka, akafungua ukurasa ambao hakuwa amenionyesha. Ni kweli, alisema, baada ya geti kuwekwa wenye ploti wawili walipandisha kodi. Wakazi hawakugoma kulipa. Walikwenda kwao na daftari, wakaonyesha miezi yote, wakauliza: na nyinyi safu yenu iko wapi? Mmoja alikataa mpaka leo. Mwingine, baada ya kuvutana sana, alikubali kuchangia kila mwezi na kurudisha sehemu ya nyongeza. Ana mstari wake chini ya milango, umeandikwa “ploti”, na mwezi uliotangulia alikuwa na nusu.

Ushindi huo ni mdogo na hauna sheria ya kuulinda. Mwenye ploti mwingine anaweza kuamka kesho akatoa notisi kwa wote. Lakini ni zaidi ya nilichokiona mitaa mingi yenye hali nzuri kuliko huu. Sisi Sinza tuna mwenyekiti wa mtaa, mjumbe, ofisi yenye bendera na wakala wa taka anayepita na stakabadhi. Tunalipa. Sijawahi kusimama uwanjani nikasomewa pesa hiyo imenunua nini, na sijawahi kuuliza. Mwaka 2013 Wakenya waliazima kwetu mpango wa nyumba kumi kwa ajili ya ulinzi wa mitaa yao. Sioni aibu yoyote sisi kuazima daftari kwao.